Unanijua Mimi ni Nani?

Mtoto wa twiga huzaliwa akiwa na kimo cha mtu mzima. Huwezi kumkunja ukamtia begini, wala kumfunga kiunoni ukavaa koti juu yake. Lakini tarehe 26 Novemba 2010 twiga wanne walipita Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, huu tunaouita KIA, wakapakiwa kwenye ndege ya jeshi la Qatar pamoja na wanyama na ndege wa porini wengine zaidi ya 100, wote wazima, wakapelekwa Doha. Huku kwetu watu walicheka kwanza, hasira zikaja baadaye. Mpaka leo ukitaka kumwambia mtu kwamba nchi hii lolote linawezekana, unamwambia tu: twiga walipanda ndege. Kesi ilisikilizwa Moshi. Mwaka 2014 raia mmoja wa Pakistan alihukumiwa kifungo cha miaka 60 akiwa hayupo mahakamani, maana alikuwa amekwisha kutoroka akiwa nje kwa dhamana. Watanzania watatu walioshtakiwa pamoja naye waliachiwa huru.

Mimi ni mkazi wa Themi, hapa Arusha. Viwanja vya ndege kwangu ni viwili: ule mdogo wa Kisongo, njia ya Dodoma, wa ndege ndogo za Serengeti na Zanzibar, na KIA, kilomita 50 hivi upande wa Moshi. Kote huko napita kama raia wa kawaida. Navua mkanda, natoa simu na funguo, naviweka kwenye trei, nanyanyua mikono. Na kila nikinyanyua mikono nawakumbuka wale twiga. Sio kwa utani. Najiuliza: huyu kijana anayenipapasa mifukoni ana haki gani ya kunifanyia hivi, mimi ambaye sijafanya lolote? Na kama haki hiyo anayo, siku ile ya twiga ilikuwa imekwenda wapi?

Niseme mapema kwamba siko upande wa wale wanaoona ukaguzi ni usumbufu tu. Sisi tunajua gharama ya kutokagua. Februari 1982 vijana wa Kitanzania waliiteka Boeing 737 ya shirika letu la ndege ikiwa safarini kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Waliizungusha Nairobi, Jeddah na Athens mpaka Stansted, Uingereza, wakitaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu, ndipo wakajisalimisha. Agosti 7, 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Na hapa mjini kwetu, Mei 5, 2013, bomu lilirushwa kwenye uzinduzi wa kanisa la Olasiti. Juni 15 mwaka huo huo jingine likarushwa kwenye mkutano wa CHADEMA, viwanja vya Soweto. Watu walikufa kotekote. Mtu anayesema hatuhitaji mageti hakuwapo Arusha mwaka ule.

Kwa hiyo swali langu si kama tukaguliwe au tusikaguliwe. Swali ni kitu gani kinaufanya ukaguzi uwe halali mbele ya utu wa mtu.

Maana tukubaliane, kupekuliwa si jambo dogo. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 12, inatambua kwamba kila mtu anastahili heshima. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, nafsi yake na familia yake. Barabarani au nyumbani kwako, askari akitaka kukupekua anatakiwa awe na sababu inayokuhusu wewe: umeonekana mahali, umetajwa na mtu, kuna kitu umefanya. Uwanja wa ndege hauna sababu inayokuhusu wewe. Unapekuliwa kwa kuwa umefika tu. Mkono wa mtu usiyemjua unapita mgongoni mwako, nguo zako za ndani zinaonekana kwenye kioo cha mashine, na hutakiwi hata kununa.

Jibu la kwanza linalotolewa ni kwamba umekubali mwenyewe kwa kununua tiketi. Jibu hili ni dhaifu. Mgonjwa anayepelekwa India kutibiwa moyo hana njia nyingine ya kwenda, atafute basi?

Jibu la pili ni kwamba ukaguzi unaokoa maisha. Hili lina nguvu zaidi, lakini nalo halitoshi peke yake. Novemba 23, 1996 ndege ya Ethiopia iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa na vijana watatu. Walidai wana bomu. Ilikuja kujulikana kuwa lile "bomu" ni chupa ya pombe. Shoka walilotishia nalo watu, na mtungi wa kuzimia moto, vilikuwa vya ndege yenyewe. Ndege iliishiwa mafuta ikaanguka baharini karibu na ufukwe wa Ngazidja, na watu 125 kati ya 175 walikufa. Hakuna mashine ambayo ingezuia yote hayo getini, kwa sababu silaha kubwa ya watu wale ilikuwa mdomo. Ukaguzi unapunguza hatari, hauimalizi. Sasa kama tunatoa heshima ya miili yetu ili tununue nusu ya usalama, basi lazima tuulize bei hiyo inalipwa na nani.

Hapo ndipo ninapoliona jibu la tatu, na ndilo ninalolishika. Mwaka huo huo wa 1971 ambao KIA ilifunguliwa, mwanafalsafa wa Marekani John Rawls alichapisha kitabu chake kiitwacho A Theory of Justice. Wazo lake moja ni hili: ukitaka kujua kama kanuni ni ya haki, jiulize kama ungeikubali bila kujua utakuwa nani chini yake, tajiri au maskini, mkubwa au mdogo. Nikiipima foleni ya ukaguzi kwa kipimo hicho, naikubali. Hata nisingejua kama nitazaliwa waziri au muuza mitumba wa Kilombero, ningesema sawa, tukaguliwe wote. Kuvua mkanda hakunidhalilishi kama aliye mbele yangu kavua na aliye nyuma yangu atavua. Kinachonidhalilisha ni kuvua huku mwingine anapita pembeni na wake kiunoni.

Watu wengi wataniunga mkono hadi hapo, kisha waseme hilo ni suala la heshima tu, la usalama ni jingine. Mimi nasema ni suala moja. Ili nieleze, inabidi tutenganishe maswali mawili ambayo kila uwanja wa ndege unauliza.

Swali la kwanza huulizwa kwenye mlango wa kuingilia: wewe ni nani, na una kazi gani humu? Anayelijibu ni kitambulisho, tiketi, pasi yenye picha. Ndilo linaloamua mfagiaji aishie wapi, fundi aishie wapi, abiria aishie wapi. Swali la pili huulizwa kwenye mashine: umebeba nini? Mashine ya eksirei haisomi jina. Haijui kabila, dini wala cheo. Inaona chuma, inaona unyevu, inaona waya.

Maswali haya yote ni ya haki na yote yanahitajika. Balaa linaanza pale jibu la swali la kwanza linapochukuliwa kuwa jibu la swali la pili. Mtu anasema yeye ni nani, na mlinzi anaona hakuna haja tena ya kuuliza amebeba nini.

Turudi kwa twiga. Hakuna mtu aliyewaficha, hawafichiki. Walipita kwa sababu msafara wao ulikuwa na majibu yote ya "wewe ni nani": ndege ya jeshi, taifa rafiki, watu wenye uzito wao. Swali la "umebeba nini" ama halikuulizwa, ama liliulizwa kwa sauti ndogo ambayo haikutaka kujibiwa.

Julai 2013 wanawake wawili Watanzania walikamatwa Johannesburg na mizigo yenye kilo zipatazo 150 za dawa zilizopigwa marufuku, baada ya kupita Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule, Harrison Mwakyembe, aliwatuhumu hadharani baadhi ya wafanyakazi wa uwanja kwamba waliisaidia mizigo hiyo ipite, akaagiza wafukuzwe. Kilo 150 si kipakti cha kwenye soksi. Ni uzito wa mifuko mitatu ya saruji.

Halafu kuna Mogadishu. Februari 2, 2016 ndege ya shirika la Daallo iliruka kwenda Djibouti. Muda mfupi baadaye bomu lilipasuka likatoboa ubavu wa ndege. Aliyekuwa nalo alitupwa nje akafa; rubani alifaulu kuirudisha ndege na wengine wote wakaokoka. Kamera za uwanja zilionyesha kompyuta mpakato ikikabidhiwa kwa abiria yule akiwa tayari ameshapita ukaguzi, na waliomkabidhi ni watu waliokuwa na ruhusa ya kuwa ndani. Mmoja alivaa reflekta. Yaani abiria aliulizwa amebeba nini, akawa hana kitu. Reflekta haikuulizwa.

Wahenga walishasema: kikulacho ki nguoni mwako. Ukiyaangalia matukio haya, upenyo haukuwa kwa yule aliyesimama foleni ameshika kiatu mkononi. Ulikuwa kwa yule ambaye jina, cheo, sare au undugu wake ulimsamehe foleni. Mahali haki ilipotobolewa ndipo na usalama ulipotobolewa.

Miaka michache iliyopita, kwenye uwanja mmoja ambao sitautaja, nilisimama nyuma ya mama mmoja wa makamo anayekwenda kwa binti yake Muscat. Begi lake la mkononi lilirudishwa, likafunguliwa, ikatoka chupa ya asali.

"Shikamoo mama. Samahani, hii hairuhusiwi."

"Marahaba mwanangu. Mbona ni asali tu, ya kwetu Meru? Mwenzio kajifungua."

"Najua mama. Ila imezidi kipimo. Mwisho ni mililita 100."

Kijana alikuwa sahihi, na aliongea kwa adabu. Kanuni ile ilikuja baada ya Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipogundua njama ya kulipua ndege kwa vimiminika vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Mashine za zamani haziwezi kutofautisha asali na kitu kingine kizito cha majimaji. Mama akaiacha chupa, akasogea pembeni kuvaa viatu. Dakika hiyo hiyo akaingia bwana mmoja na msaidizi wake, wana mabegi mawili, wanapita upande usio na foleni. Kijana mwingine akajitokeza: "Samahani mheshimiwa, naomba mabegi yapite kwenye mashine." Yule bwana hakupandisha hata sauti. "Unanijua mimi ni nani?" Mkubwa wa zamu akatokea mbiombio, akamvuta kijana mkono: "Mwache, mwache apite." Wakapita. Mama alikuwa bado anafunga kamba ya kiatu. Akasema, kama anajisemea: "Kumbe asali yangu ndiyo ilikuwa hatari."

Sikumwona yule bwana kuwa gaidi, na pengine mabegi yake yalikuwa na mashati tu. Lakini angalia alichokifanya. Aliulizwa amebeba nini, akajibu yeye ni nani. Na jibu likapokelewa! "Unanijua mimi ni nani" ni sentensi ya kawaida sana kwetu. Inasikika kwa trafiki, benki, hospitali, hata kwenye mageti ya Nane Nane hapa Themi siku za maonyesho. Kwingine inaleta kero. Uwanja wa ndege inaweza kuleta maiti.

Na tusimlaumu upesi yule kijana aliyeachia. Mshahara wake unaujua, au unaukisia. Ana mtoto, ana kodi ya nyumba, na anajua kwamba akimzuia mkubwa leo kesho anaweza kujikuta kituo cha mbali bila maelezo. Tunamdai ujasiri ambao sisi wenyewe, tukiwa ofisini kwetu, hatuna. Mfumo unaotegemea ushujaa wa mtu mwenye mshahara mdogo kuliko wote mahali pale si mfumo wa ulinzi, ni bahati nasibu.

Mtu atanipinga kwa upande mwingine. Atasema: muda ni mchache, mashine ni chache, kwa nini tusiwaangalie zaidi wale wanaotiliwa shaka? Tukiwa wakweli, maneno hayo yana sura. Yana kanzu, yana hijabu, yana jina la Kisomali. Arusha tuna majirani Wasomali waliozaliwa hapa, wanaoongea Kiswahili cha mjini kuliko mimi, na wanajua kufika uwanjani mapema zaidi ya wengine kwa sababu wataulizwa maswali mengi zaidi. Hii nayo ni hila ile ile ya kujibu swali la pili kwa jibu la kwanza, ila imegeuzwa: mkubwa anasamehewa kwa jinsi alivyo, huyu anashikwa kwa jinsi alivyo. Waliyemteka rubani wa Mwanza mwaka 1982 hawakuwa wageni, walikuwa watoto wa nchi. Adui akijua sura gani inakaguliwa, atatuma sura nyingine, au atavaa reflekta. Kama lazima wengine wakaguliwe zaidi, basi mashine ichague kwa kura. Kura haina shemeji.

Je, na Rais naye avue mkanda? Hapana, sisemi hivyo. Wapo viongozi wachache ambao dola inawalinda saa zote, na sheria inaweza kuwaweka kando. Lakini iandikwe ni nani hao, ijulikane kabla, na orodha iwe fupi. Msamaha ulioandikwa unaweza kuhojiwa. Ule unaotolewa kwa kuvutana mkono hauhojiwi na mtu, na ndio uliowabeba twiga.

Mji huu wetu si mgeni wa jambo hili. Septemba 1998, hapa hapa kwenye jengo la AICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha Jean Kambanda, mtu aliyekuwa waziri mkuu. Cheo chake hakikumfungulia mlango. Tunasema sheria ni msumeno, unakata mbele na nyuma. Kama msumeno uliweza kufanya kazi kwa waziri mkuu, utashindwaje na begi?

Wanaohusika wanapanga kuboresha, na sababu ipo. Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa kuandaa AFCON 2027, na Arusha inajengewa uwanja wa mpira. Wageni watakuwa wengi. Najua mazungumzo yataelekea kwenye ununuzi: skana mpya, kamera mpya, milango ya kusoma alama za vidole. Sipingi. Ila mashine bora duniani inakagua kinachowekwa ndani yake tu.

Mimi ningeanzia kwengine. Kila anayeingia eneo la ndani akaguliwe kila anapoingia: rubani, mpakia mizigo, muuza kahawa, mkaguzi mwenyewe. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, tayari vinataka hata wasio abiria wakaguliwe wao na vitu vyao. Pasi ya mtu aliyeacha kazi ife siku hiyo hiyo. Anayeamuru mtu asikaguliwe aandike jina lake kwenye daftari na kutia sahihi. Utaona amri hizo zitakavyopungua. Kijana anayekataa kupitisha begi alindwe kwa kanuni, asihamishwe kwa simu. Mwanamke apekuliwe na mwanamke, na mwenye kutaka faragha apewe chumba. Anayetazama kioo cha eksirei apokewe mara kwa mara, maana macho huchoka. Na uzio wa nyuma utazamwe sawa na mlango wa mbele.

Hili la uzio lina uzito kwangu. Juni 30, 2019 mwili wa mtu ulianguka kwenye bustani ya nyumba moja Clapham, London, kutoka kwenye tundu la magurudumu la ndege iliyoruka Nairobi. Kwenye ukumbi wa abiria siku ile watu walivua viatu kama kawaida. Kule nyuma mtu mmoja aliifikia ndege, akapanda, akafa kwa baridi na kukosa hewa, na hakuna aliyemuuliza lolote, si jina lake, si alichobeba. Angeulizwa angekuwa hai. Kuna wakati kusimamishwa getini ndiyo namna pekee ya kuonwa na wenzako.

Kwa hiyo zitakapokuja hizo mashine mpya, sitaanza kwa kuuliza zimegharimu shilingi ngapi. Nitaangalia pembeni, ule upande usio na foleni. Natamani siku moja pale Kisongo nimwone mheshimiwa ameshikilia suruali kwa mkono mmoja, mkanda wake uko kwenye trei kama wetu sote, anasubiri begi litoke. Na keshokutwa nikipita tena, nimkute kijana yule yule bado yuko zamu.